Chrono Trigger au Final Fantasy VI: baridi hii uanze na ipi?

Baridi ya Juni ikishaanza kuuma Mbeya, swali moja hunifikia sana kutoka kwa wadogo zangu wa mtaani na wanafunzi wa kule Iyunga: "Kaka, nataka kujaribu zile RPG (gemu za kuigiza wahusika) za Kijapani za zamani, za picha za pikseli. Nianze na ipi?" Ukiuliza mtandaoni utapewa majina ishirini, na utaondoka umechanganyikiwa kuliko ulivyokuja. Mimi nayapunguza hadi mawili: Chrono Trigger ya mwaka 1995 na Final Fantasy VI ya mwaka 1994. Zote mbili zilitengenezwa na kampuni ya Square ya Japani kwa ajili ya mashine ya gemu ya Super Famicom, na leo zote zinapatikana kwenye simu na kwenye kompyuta. Mwenye laptopu namwongezea mbili za miaka hii, nitazifikia huko mbele.

Aliyekulia kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, au vya Kihesa kule Iringa, amezoea mpira: unalipia mechi, unacheza, unampisha mwenzako. RPG ya Kijapani haina mechi. Unaongoza kundi dogo la watu, mnatoka mji hadi mji, mnaongea na wenyeji, mnapigana kwa kuchagua amri kwenye menyu, mnapata nguvu kidogo kidogo, na hadithi inasonga. Chrono Trigger itakuchukua saa 20 hadi 25. Final Fantasy VI itakuchukua 35 hadi 40, na zaidi kama wewe ni wa kupekua kila pango.

Kwa hiyo swali la "ipi ni bora" silipi uzito. Watu wamebishana juu yake kwa miaka 30 na wataendelea. Maswali yanayofaa ni matatu: utaichezea kwenye kifaa gani, unapata muda wa kukaa kiasi gani kwa mkao mmoja, na unasoma Kiingereza kwa kasi gani. Hakuna toleo rasmi la Kiswahili la yoyote kati ya hizi, na kila kitu ndani yake ni maandishi. Gemu unayosoma kwa kusuasua haitakukamata hata kama dunia nzima inaisifu.

Chrono Trigger

Hadithi inaanza mwaka 1000, siku ya sikukuu ya ufalme. Kijana anayeitwa Crono anagongana na msichana, Marle, kwenye viwanja vya maonyesho. Rafiki yake, Lucca, ana mashine aliyoiunda mwenyewe. Marle anaijaribu, mashine inaharibika, na msichana anatupwa miaka 400 nyuma. Unamfuata. Kuanzia hapo mnaruka enzi: miaka milioni 65 kabla ya Kristo, 12,000 kabla ya Kristo, 600, 1000, 1999, 2300. Mapema kabisa mnafika 2300 na kuwakuta watu waliobaki wakifa njaa ndani ya majengo mabovu, kisha mnaona kilichotokea mwaka 1999: kiumbe kiitwacho Lavos kilitoka ardhini na kuiteketeza dunia. Watoto watatu wanakubaliana kwamba hilo lizuiwe. Lengo la gemu nzima ni hilo, na hulisahau hata mara moja.

Inachofanya vizuri kuliko gemu nyingi za leo ni kukumbuka matendo yako. Pale kwenye maonyesho unazurura bila kufikiri. Kuna chakula cha mzee mmoja mezani, unaweza kukila. Kuna mtoto amepoteza paka wake. Ulipogongana na Marle, mkufu wake ulianguka. Je, ulimwendea yeye kwanza au uliokota mkufu? Baadaye Crono anashtakiwa kwa kumteka binti mfalme, ambaye ndiye Marle, na mahakamani mashahidi wanaletwa mmoja mmoja kusema ulichofanya siku ile. Gemu haikukuambia kwamba unapimwa. Tangu hapo unaanza kuwatendea wahusika wadogo kama watu, bila kuamriwa.

Kuna sehemu nyingine ambayo naamini mtu wa Nyanda za Juu Kusini ataielewa haraka. Mwaka 600 kuna mwanamke, Fiona, anayetaka kuirudisha misitu mahali palipogeuka jangwa. Kazi hiyo maisha ya mtu mmoja hayaitoshi. Robo, ambaye ni roboti na hazeeki kama sisi, anajitolea kubaki na kulima. Wenzake wanapanda chombo chao na kuruka hadi mwaka 1000. Kwao ni dakika chache, kwake ni miaka 400. Wanapofika wanakuta msitu. Aliyekulia Mafinga, anayepita kila siku kando ya paini za Sao Hill, anajua kwamba msitu unaweza kuwa kazi ya mikono, na kwamba aliyepanda si lazima awe ndiye atakayekaa kivulini. Baada ya hapo wahusika wanakaa usiku kuzunguka moto na kuongea, na mazungumzo yale ni kati ya mambo bora niliyowahi kuyasoma kwenye gemu.

Mapigano yake ni mepesi kuyapenda. Maadui wengi unawaona kabla, na pambano linaanza palepale uliposimama. Watu watatu wanapigana, na ujuzi wao unaweza kuunganishwa: upanga wa Crono na moto wa Lucca vinakuwa pigo moja. Pa kusimama kwa maadui pana maana pia, kwa sababu mapigo mengine hupiga kwa mstari na mengine kwa duara. Husimami kupiga wanyama saa nzima ili tu uongeze nguvu; ukipigana na unaowakuta njiani, unatosha.

Walioiandaa hawakuwa watu wadogo. Hironobu Sakaguchi aliyeanzisha Final Fantasy, Yuji Horii aliyeanzisha mfululizo mwingine wa RPG, Dragon Quest, na mchoraji Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024, walifanya kazi pamoja. Muziki mwingi ni wa Yasunori Mitsuda, akisaidiwa na Nobuo Uematsu. Yote hayo yaliingia kwenye katriji ya megabaiti 4, takribani ukubwa wa wimbo mmoja wa MP3. Ukimaliza unaweza kuanza upya ukiwa na nguvu zako zote na kwenda kumkabili Lavos wakati tofauti, na mwisho wa hadithi unabadilika. Miisho inazidi kumi.

Udhaifu wake? Crono mwenyewe karibu haongei, na wahusika ni saba tu, kwa hiyo anayetaka kuchimba roho ya mtu kwa kina atabaki na hamu. Vilevile kwenye simu, kuongoza kwa kidole kunasumbua kwenye ile michezo midogo ya mbio na ya vitufe. Kama una padi (kidhibiti cha mkononi chenye vitufe) ya kuunganisha kwenye simu au kompyuta, itumie.

Final Fantasy VI

Hii inaanza kwenye theluji. Askari watatu ndani ya mashine za chuma wanapanda mlima kuelekea Narshe, mji wa migodi, na mmoja wao, Terra, hajijui: amevishwa taji linalomwondolea hiari. Dola moja imegundua namna ya kunyonya nguvu za kichawi kutoka kwa viumbe waitwao espa na kuzigeuza silaha. Waasi wanamwokoa Terra. Hapo unadhani umeshamjua mhusika mkuu, lakini hapana. Gemu hii ina wahusika 14 unaoweza kuwachezesha, na haimpi yeyote kiti cha mbele. Leo uko na mfalme anayejifanya rafiki wa dola, kesho na mdogo wake aliyekimbia kiti cha enzi, keshokutwa na jenerali wa kike aliyeasi.

Kila mmoja ana namna yake ya kupigana. Edgar anatumia zana kama msumeno na upinde unaojifyatua wenyewe. Sabin anapiga mapigo ya mwili unayoyaingiza kwa mfuatano wa vitufe. Setzer anacheza kamari katikati ya vita. Gau, mtoto aliyelelewa na wanyama, anajifunza tabia za maadui. Kuchagua wanne wa kwenda nao, na kuamua nani ajifunze uchawi gani, ni raha inayojitegemea kabisa. Hapa inaishinda Chrono Trigger.

Adui mkuu wa Final Fantasy VI ni Kefka. Mwanzoni anachekesha, lakini kufika katikati hutacheka. Nitasema jambo moja ambalo wengine hupenda kulificha, kwa sababu ndilo linaloamua kama gemu hii inakufaa: katikati, dunia inavunjika. Mashujaa wanashindwa. Unaamka na mtu mmoja tu, Celes, kisiwani, na kuanzia hapo kazi yako ni kutafuta wenzako waliotawanyika, kila mmoja na jeraha lake, ukimkumbusha sababu ya kuendelea kuishi. Hulazimiki kuwapata wote. Unaweza kwenda kwenye ngome ya mwisho na wachache. Lakini kila unayemtafuta anakufungulia mlango wa hadithi yake, na sehemu hii ya pili, ambayo haina anayekuelekeza uende wapi, ndiyo inayofanya watu waikumbuke kwa miongo.

Na kuna opera. Celes anapanda jukwaani badala ya mwimbaji, na wewe unapaswa kukumbuka maneno ya wimbo. Mwaka 1994 mashine haikuweza kuimba, ikawa inatoa mlio tu unaofanana na sauti ya mtu. Kwenye toleo la Pixel Remaster la mwaka 2022 inaimbwa na mtu kweli. Weka spika za masikioni.

Sasa ubaya. Mapigano ni ya kushtukiza: unatembea pangoni, skrini inabadilika, uko vitani, na baada ya hatua kadhaa tena. Ukipotea njia, yanachosha. Toleo jipya lina kitufe cha kuyazima, na nakushauri ukitumie pale tu unaporudi njia uliyokwishaipita. Ukiyazima muda wote utafika kwa bosi, yaani adui mkubwa, ukiwa dhaifu. Pia saa tano au sita za mwanzo zina majina mengi, siasa nyingi na kurukaruka kati ya makundi. Nimewaona vijana wengi wenye akili nzuri wakiiacha hapo.

Umeme, basi na Kiingereza

Kwa anayeishi huku, suala la kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, si dogo. Umeme ukikatika ukiwa na kompyuta ya mezani, au laptopu ambayo betri yake imekufa, saa yako ya mwisho inaweza kupotea. Final Fantasy VI Pixel Remaster inasevu yenyewe unapobadili eneo, na unaweza kusevu haraka popote usipokuwa vitani. Chrono Trigger ya sasa nayo inasevu yenyewe, ila sevu za mkono zinahitaji uwe kwenye ramani kubwa au kwenye vituo maalumu. Tofauti ni ndogo, lakini kwa mtu wa dakika kumi kumi, Final Fantasy VI inamheshimu zaidi. Ajabu ni kwamba hiyohiyo, kwa urefu wake, ndiyo inayomtaka mtu wa kukaa.

Safarini zote mbili zinafaa, kwani ukishazipakua huhitaji bando ili hadithi iendelee. Kutoka Mbeya alfajiri, hadi Makambako unaweza kumaliza sura nzima ya Chrono Trigger, kwa kuwa kila enzi ni kama kipande kinachojitegemea. Mkifika Kitonga weka simu mfukoni. Kona zile na maandishi madogo havipatani na tumbo.

Kiingereza cha Chrono Trigger ni cha sentensi fupi, na mara nyingi picha yenyewe inakuambia nini kimetokea. Kidato cha pili anayejitahidi ataiweza akiwa na kamusi kando. Final Fantasy VI ina maneno mengi zaidi, watu wengi zaidi, na mambo yanayosemwa kwa mafumbo. Ushauri kwa zote mbili: mapigano yake hutumia kipimo cha muda kinachojaa, na adui hakungoji umalize kusoma. Ingia kwenye mipangilio, chagua hali ya kusubiri badala ya hali ya moja kwa moja, ili muda usimame unapochagua uchawi au dawa. Wanaoanza wengi hawaigusi sehemu hiyo, kisha wanasema gemu ni ngumu.

Basi msimamo wangu: kama hujawahi kucheza RPG ya Kijapani, anza na Chrono Trigger, kwenye simu au laptopu yoyote. Kama unasoma riwaya, uko likizo ndefu, na unapenda hadithi inayokuvunja moyo kabla ya kukuinua, ruka moja kwa moja kwa Final Fantasy VI. Na kama unajua utacheza zote mbili, fuata mpangilio huohuo wa Chrono kwanza, kwa sababu utakuwa umeshazoea kipimo cha muda na menyu kabla ya kukutana na mapigano ya kushtukiza.

Mwenye laptopu: Sea of Stars au Chained Echoes

Hizi hazikutengenezwa Japani, ila zimelelewa na zile mbili za juu. Sea of Stars ilitoka Agosti 2023, kazi ya studio ya Sabotage ya Québec, Kanada. Chained Echoes ilitoka Desemba 2022, na karibu yote ni kazi ya Mjerumani mmoja, Matthias Linda, muziki ukiwa wa Eddie Marianukroh.

Kwa macho, Sea of Stars inashinda. Mwanga wa jua na mwezi unavyobadilika juu ya maji na majani ni jambo la kusimama na kutazama, na Mitsuda yuleyule wa Chrono Trigger amechangia baadhi ya muziki. Wahusika wanapanda miamba, wanaogelea, wanaruka. Vitani, ukibonyeza kitufe pigo linapotua, linaongezeka nguvu. Ukibonyeza unapopigwa, maumivu yanapungua. Sasisho la mwaka 2024 liliongeza uwezo wa kucheza hadi watu watatu kwenye mashine moja, hivyo kwa nyumba yenye ndugu, au chumba cha wanafunzi chenye padi za kutosha, sioni mpinzani wake. Lakini mazungumzo yake ni ya kawaida mno. Mashujaa wawili wakuu, Valere na Zale, wanafanana hadi unasahau nani alisema nini, na anayebeba moyo wa hadithi ni rafiki yao mpishi, Garl.

Chained Echoes haing'ai hivyo, ila ndiyo ninayoipendekeza kwa anayecheza peke yake. Afya ya kundi inarudi yote baada ya kila pambano, hivyo mtengenezaji alikuwa huru kufanya kila pambano liwe na maana. Juu ya skrini kuna kipimo: kila amri inakisogeza, na ukikiacha kivuke eneo la kijani unaanza kupigwa vibaya. Kwa hiyo hutumii pigo lako kali kila zamu, unafikiri. Nguvu hazitokani na kuua wanyama wadogo, zinatokana na kushinda mabosi na kutimiza kazi. Hadithi ni ya falme tatu zilizochoka vita, na ina watu wazima wenye hatia za watu wazima. Mdogo wako wa darasa la sita mpe Sea of Stars. Kinachoniudhi kwenye Chained Echoes ni mfumo wa vito vya kupachika kwenye silaha, ambao menyu zake zinachanganya bila sababu.

Octopath Traveler ya 2018 watu huitaja sana, na ni nzuri kuitazama, lakini ni nzito zaidi kwa laptopu ya kawaida, na hadithi za wasafiri wake wanane hazikutani vya kutosha. Iache iwe ya nne au ya tano. Kwa anayetaka kitu kifupi kabisa, Dragon Quest ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1986, ipo kwenye simu na inachezwa simu ikiwa wima, kwa mkono mmoja. Umesimama kwenye daladala ya Uyole umeshika bomba, bado unaweza kucheza.

Kununua

Zote hizi zinalipiwa mara moja, bila matangazo wala kulipia tena ili usonge mbele. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe zinazofunguliwa kupitia pesa ya simu. Chrono Trigger kwa kawaida ni ya bei nafuu kuliko Final Fantasy VI, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, zote hushushwa bei mara kwa mara, kwa hiyo ziweke kwenye orodha ya matamanio usubiri. Ukitafuta Final Fantasy VI, hakikisha ni toleo la Pixel Remaster. Faili za "bure" zinazosambazwa kwenye magrupu zikwepe; zimewahi kubeba virusi vilivyokula simu za watu, na walioziunda gemu hawapati hata senti. Pakua kwa bando la usiku au kwa Wi-Fi ya chuo.

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa hizo mbili zinatosha kabisa kukufikisha kwenye kesi ya Crono mahakamani. Ukifika pale, mashahidi wakaanza kuingia, na ukajikuta hujali watasema nini juu yako, omba pesa yako, uchukue Chained Echoes.